Msaada: Kifaransa cha kuanzia, niweze kuelezea kazi na masomo yangu (nipo Arusha)

BintiSakina
Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, nasoma diploma ya utalii mwaka wa pili na mwakani naenda fildi. Kampuni ninayoilenga inapokea sana Wafaransa na Wabelgiji na wameshaniambia kabisa mtu mwenye Kifaransa hata kidogo anaangaliwa kwanza. Salamu nazijua, bonjour, ça va, merci, na kuhesabu mpaka ishirini nipo vizuri. Shida inakuja mgeni akiniuliza nafanya kazi gani au nasoma nini, hapo maneno yapo kichwani ila sentensi haitoki. Kwenye simu nina apu lakini maelezo yake yote ni ya Kiingereza na mpaka sasa ni matunda na wanyama tu, wakati mimi nataka niseme nasoma nini na natafuta kazi gani. Naombeni mnielekeze nianzie wapi, na je ni lazima darasani au naweza kuanza mwenyewe?

Mkwea_Machame
Karibu dada. Mimi napandisha wageni mlimani kutokea Moshi na nikuambie tu, maongezi ya kazi na masomo ndo yanachukua muda mwingi huko juu, maana mnatembea pole pole masaa mengi na mgeni akishamaliza kuuliza kuhusu mvua na kilele anageukia maisha yako. Swali lao ni lilelile, Qu'est-ce que vous faites dans la vie ? yaani unajishughulisha na nini, na kama kazi yako tayari wanaiona basi ni Vous faites ce métier depuis longtemps ? wanataka kujua umeianza lini.

Kwahiyo usisubiri umalize kitabu. Andika sentensi zako mwenyewe chache zinazokuhusu, uzijue mpaka zitoke bila kufikiria. Zangu zilikuwa hizi: Je suis guide. Je travaille à Moshi. Je travaille dans une agence de voyages. J'ai fait des études de tourisme. Yaani mimi ni guide, nafanya kazi Moshi, nafanya kazi kwenye kampuni ya safari, nilisoma utalii. Halafu palepale unarudisha mpira, Et vous ? yaani na wewe je? Hayo maneno mawili ni muhimu sana asee, maana mgeni akianza kueleza kazi yake wewe unapumzika na unaokota maneno mapya kutoka mdomoni kwake. Jifunze mapema neno retraité, mstaafu, wageni wengi wa umri mkubwa ndo jibu lao, na mwanamke ni retraitée, kuandika kunabadilika ila ukisikia ni sauti ileile. Jua na watu wa timu yako pia, cuisinier ni mpishi, porteur ni mpagazi, chauffeur ni dereva, maana siku ya kwanza mgeni anataka atambulishwe kila mtu na wale vijana wanafurahi sana wakisikia wametajwa kwa heshima, Voici notre cuisinier, huyu hapa mpishi wetu.

Mwl_Njiro
Kaka amesema vizuri, mimi nafundisha Kifaransa hapa mjini naomba niongezee. Dada, jambo ninalomsisitizia kila anayeanza ni hili, usikipitishe Kifaransa kwenye Kiingereza. Kipitishe kwenye Kiswahili, utaona njia ni fupi zaidi.

Angalia mwenyewe. Mimi ni mhasibu, Je suis comptable. Hakuna kitu kinachokaa katikati ya suis na comptable, kama kwetu tu, lakini aliyezoea Kiingereza anachomeka un (ile a ya Kiingereza) kila mara. (Ukiweka sifa, hapo un inarudi: C'est un bon guide, ni guide mzuri.) Au chukua hii, nafanya kazi hapa tangu 2021, Je travaille ici depuis 2021. Kitenzi kipo wakati uliopo kwetu na kwao, kwasababu kazi bado unaifanya. Wanafunzi wangu wanaotafsiri toka Kiingereza wanahangaika wiki nzima na depuis, anayetafsiri toka Kiswahili anapita moja kwa moja.

Na vitenzi visikutishe. Sisi anayetenda tunamjua mwanzoni, ni-, u-, a-. Kifaransa cha kuongea hivyohivyo, je travaille (mimi), tu travailles (wewe), il travaille (yeye), ils travaillent (wao), zote nne mwisho unasikika sawa, kinachokuambia ni nani ni hilo neno la mbele. Zinazobadilika sauti ni nous travaillons (sisi) na vous travaillez (ninyi, au wewe ya heshima). Kwahiyo kwa mgeni shika je na vous kwanza, hizo ndo zinafanya kazi siku nzima. Mgeni usimwite kwa lile neno tu, wewe ya kirafiki, mpaka yeye mwenyewe akuombe, kama ambavyo hapa mkubwa humsalimii mambo vipi.

Pale Kiswahili kisipokusaidia ni kazi ya mwanaume na ya mwanamke. Kwetu muuguzi ni muuguzi. Kwao ni infirmier na infirmière, mhudumu ni serveur na serveuse, mkurugenzi ni directeur na directrice, mwanafunzi wa chuo ni étudiant na étudiante. Guide, comptable na secrétaire hazibadiliki. Ila anayejua kwamba ni mtoto mzuri lakini kitabu kizuri ameshazoea maneno kufuatana, hilo halitakushinda.

Kwenye masomo kuna mitego nakuomba uiangalie sana kwasababu kwenye intavyuu inaharibu maana. Collège sio chuo, ni shule ya watoto wa miaka kama 11 hadi 15, halafu wanaenda lycée, sekondari ya juu. Ukisema uko collège mtu mzima mwenzako atashangaa. Licence ni shahada ya kwanza. Passer un examen ni kufanya mtihani tu, kufaulu ni réussir. Na fildi yako inaitwa stage, hilo neno lishike, ndo utalitumia kuliko yote.

Darasa? Anza mwenyewe leo ila darasa linasaidia sana kwenye matamshi, na hapa Arusha Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ipo, kaulizie ratiba. Televisheni ya TV5MONDE wana mazoezi ya bure kwenye intaneti kuanzia ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, na redio ya RFI wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, hiyo iache mpaka ushike shike kidogo. Ukitaka cheti fikiria mtihani wa Kifaransa wa DELF A1. Kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila kimoja alama 25, ukipata 50 kati ya 100 umefaulu ila usishuke chini ya 5 popote. Kwenye kuandika utajaza fomu yenye profession ndani yake, na kwenye kuongea lazima ujieleze wewe ni nani na unafanya nini. Yaani hicho hicho unachokitaka.

BintiSakina
Nashukuruni sana kaka na mwalimu, ile ya depuis imeniingia kabisa. Nimejaribu kuandika, naombeni mnisahihishie: Bonjour, je m'appelle Neema. Je suis une étudiante. Je étudie tourisme à Arusha. Je suis dans le deux année. Je cherche un stage. Je veux être guide.

Kijana_wa_Uvira
Dada yangu umejitahidi, mtu anakuelewa vizuri. Mimi nimesoma kwa Kifaransa toka shule ya msingi kule Congo, sasa naishi Kijenge, ngoja nikupangie.

Bonjour, je m'appelle Neema. Je suis étudiante. J'étudie le tourisme à Arusha et je suis en deuxième année. Je cherche un stage dans une agence de voyages. Après mes études, je voudrais devenir guide.

Yaani naitwa Neema, ni mwanafunzi, nasoma utalii Arusha na nipo mwaka wa pili, natafuta fildi kwenye kampuni ya safari, na baada ya masomo ningependa kuwa guide.

Une (un ya kike) imetoka kama mwalimu alivyosema. Je ikikutana na irabu inajikata, j'étudie. Tourisme inataka le mbele yake. Na je veux nimeibadilisha kwa makusudi, je voudrais ndo lugha ya adabu ya mtu anayeomba, kwenye intavyuu usiiache. Neno étudiante hakikisha t ya mwisho inasikika kwasababu wewe ni mwanamke, étudiant ya mwanaume t inanyamaza na sauti inaishia puani.

Kingine, usikifungie Kifaransa chako kwenye utalii peke yake. Upo mji wenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Kifaransa ni moja ya lugha zake za kazi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapohapo, Rwanda na Burundi waliingia 2007 na sisi Congo 2022. Kwahiyo utakutana na watu wa kuongea nao bila kusubiri mgeni ashuke KIA. Ila ukituuliza mshahara au umri utasikia septante kwa 70 na nonante kwa 90, Wabelgiji wako nao wanasema hivyohivyo, wakati Mfaransa anasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Jifunze zote mbili.

Sasa hiyo aya irekodi kwenye simu uisikilize, halafu tuandikie hapa maswali matatu utakayomuuliza mgeni kuhusu kazi yake, nayo tuyapitie.