Wavu, kukimbia au jimu: kipi kinamfaa mtu wa ofisini hapa Mbeya?

Mwana_Uyole
Wadau, habari za jioni. Nina miaka 41 na kilo 84, kazi yangu ni ya kukaa kitini toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwezi jana nilipima presha ikasoma 138/88. Daktari akasema bado hatuanzi dawa, ila mazoezi yaanze sasa. Naona njia tatu: kukimbia alfajiri huku kwetu Uyole, kujiunga na jimu pale Mwanjelwa, au kuingia kwenye kundi la wenzangu wanaocheza mpira wa wavu jioni tatu kwa wiki. Navutiwa zaidi na wavu, niliucheza sekondari. Lakini sitaki kufuata ninachokipenda halafu presha ibaki palepale. Naombeni ushauri.

Mkimbiaji_Kihesa
Kaka, kimbia. Kwa mtu wa kilo 70, nusu saa ya wavu wa kawaida hutumia kama kalori 110 tu. Nusu saa hiyohiyo ya kukimbia mwendo wa kilomita 8 kwa saa inakaribia 290. Tofauti ni kubwa mno kwa mtu anayetaka kupungua. Tena barabara haidai ada wala kusubiri watu watimie.

Mama_Gangilonga
Hesabu ya kalori ni kweli, lakini mwili si kalori peke yake. Nina miaka 48, nacheza wavu hapa Iringa mwaka wa tatu sasa. Sisi wanawake tukikoma hedhi mifupa hupoteza uimara kwa kasi, na mfupa unataka kushtuliwa ili ujijenge: kuruka, kutua, kugeuka ghafla. Wavu unakupa vyote hivyo. Mapaja na vigimbi vyangu vimekaza, na mabega yaliyokuwa yananiuma kwa kuinamia cherehani yamelegea. Zamani niliwahi kuanza kukimbia mara nne, kila mara baridi ya Juni ikanirudisha kitandani. Kwenye wavu kuna watu watano wananisubiri, siwezi kulala.

Mwl_Mafinga
Shikamoo mama. Naongezea jambo ambalo wengi hawalijui. William G. Morgan alipoubuni mchezo huu mwaka 1895 huko Holyoke, Marekani, alikuwa anawatafutia mchezo wanaume wa makamo ambao mpira wa kikapu ulikuwa mzito kwao. Ndiyo maana kuna wavu katikati na timu hazigongani. Kwa hiyo Mwana_Uyole, umri wako ndio hasa uliofikiriwa.

Viungo_Mbeya
Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, nawapokea wachezaji wa wavu kila msimu, kwa hiyo niseme upande ambao haujaguswa. Kinachowaleta zaidi ni kifundo cha mguu kuteguka, na mara nyingi inatokea karibu na wavu: mtu anaruka kuzuia, anatua juu ya mguu wa mwenzake. Baada ya hapo ni maumivu chini ya kifuniko cha goti kwa wanaoruka sana kwenye sementi, halafu vidole.

Kaka, kwa kilo 84 na miaka mingi ya kiti, usianze kwa kuruka. Wiki tatu za mwanzo cheza nyuma, pokea na kuinua mipira, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kila siku simama kwa mguu mmoja nusu dakika, kisha ubadilishe, kifundo kijifunze kushika. Ukianza kuruka, tua kwa miguu yote miwili. Uwanja wa nyasi au udongo laini ni bora kuliko sementi, ila mvua zikianza utelezi nao ni hatari.

Kuhusu presha: Shirika la Afya Duniani linataka walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Jioni tatu za saa moja ni 180, lakini ondoa muda wa kuokota mpira na kusimama. Mkiwa sita kwa sita mtu anaweza kukaa dakika nzima bila kugusa mpira. Chezeni watatu kwa watatu kwenye uwanja uliopunguzwa, utaona jasho. Na asubuhi mbili za wiki tembea kwa haraka nusu saa. Nenda urudiwe kipimo baada ya miezi mitatu.

Chuma_Forest
Jimu nayo isitupwe. Siku moja au mbili za kuchuchumaa na uzito mdogo zinalinda hayo magoti anayoyasema mtaalamu. Hata nyumbani inawezekana.

Mkimbiaji_Kihesa
Viungo_Mbeya, hapo kwenye watatu kwa watatu umenishawishi. Nilihesabu wavu wa kusimamasimama. Wa mchangani, ambako wako wawili tu kila upande, unatumia kalori karibu sawa na kukimbia.

Mwana_Uyole
Asanteni sana, mama asante kwa namna ya pekee. Nimeongea na wenzangu, tumekubaliana Jumanne na Alhamisi watatu kwa watatu, Jumamosi timu kamili. Jumatatu na Ijumaa nitatembea kwenda kazini badala ya kupanda daladala. Swali moja kwa Viungo_Mbeya: raba zangu ni za kukimbia, soli nene na laini. Zinafaa au kifundo kitateleza?

Viungo_Mbeya
Soli nene inakuinua, mguu unapinduka kirahisi ukienda upande. Tafuta raba bapa yenye mpira unaoshika chini. Hizo za sasa zibaki za kutembea.