Mjadala: Wale kumi na mmoja wa Philadelphia walikosea kutosubiri?

Wapendwa, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba mzee wetu mmoja alisema wanawake 11 waliowekewa mikono ya ukasisi Philadelphia tarehe 29 Julai 1974, kabla Kanisa la Kiepiskopo la Marekani (Waanglikana wa huko) halijaruhusu, walivunja utii. Wangevumilia kama Pauli Murray, yule mwanasheria Mweusi wa Marekani, mwanamke aliyekuja kuwa kasisi baada ya kanisa kuruhusu, akasema. Mzee namheshimu sana, ila hapo simuungi mkono.

Murray hakuwa mtu wa kukaa akingoja. Mwaka 1940 alikamatwa ndani ya basi Virginia kwa kukataa kurudi viti vya nyuma walikotengewa Weusi. Mwaka 1944 alimaliza sheria Chuo Kikuu cha Howard akiwa wa kwanza darasani, Harvard wakamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Kisha mwaka 1973, ana miaka 62, akaacha uprofesa akaingia seminari New York, wakati mkutano mkuu wa kanisa mwaka huohuo umekataa wanawake kuwa makasisi. Kusomea kazi uliyonyimwa nako ni kusukuma mlango.

Utii una uzito wake, sibishi. Kila askofu akijiamulia lake, kanisa litasambaratika. Lakini tazameni yaliyofuata: Agosti 1974 maaskofu walitangaza kuwa ibada ile ya Philadelphia ni batili. Mwaka 1976, Minneapolis, mkutano mkuu ukaruhusu wanawake, na wale 11 wakatambuliwa bila kuwekewa mikono upya. Ingekuwa batili kweli, si wangeanza upya?

Murray akawekewa mikono tarehe 8 Januari 1977, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa kasisi katika kanisa hilo. Mwezi uliofuata aliadhimisha Ushirika Mtakatifu kwa mara ya kwanza, Chapel Hill, katika kanisa ambalo bibi yake Cornelia alibatizwa mwaka 1854 akiwa mtoto mtumwa. Alisoma Injili kwenye Biblia ya bibi huyo, ameiweka juu ya kimeza cha kusomea chenye jina la mwanamke aliyekuwa akimmiliki bibi yake. Kila nikifika hapo kwenye habari zake natulia kwanza.

Sasa nawauliza mnaosema wangesubiri. Mkutano mkuu ulikaa kila baada ya miaka mitatu. Bila kishindo cha Philadelphia, kura ya 1976 ikianguka tena, Murray angerudi kuomba mwaka 1979 akiwa na miaka 68. Mngemwambia nini?