Naomba ushauri: ninunue printa ya pande tatu (3D) au niongeze akiba ya vipuri?

Ndugu zangu, nina karakana ndogo hapa Lubumbashi inayotengeneza vinu vya mahindi. Vipuri vyetu vingi hutoka China kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha hupanda lori kupitia Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambako foleni ya malori huweza kuvuruga mpango wa mwezi mzima. Mwaka jana kinu cha mama mmoja jirani kilisimama wiki sita kwa ajili ya puli moja (gurudumu linalozungushwa na mkanda) iliyopasuka, naye alikuwa akija na kile kipande amekifunga kwenye kitenge, kuuliza kama mzigo umefika. Inaniuma kwamba mji unaopeleka shaba ng'ambo unangojea puli kutoka ng'ambo.

Sasa nafikiria kununua printa ya pande tatu, yaani mashine inayojenga kitu cha plastiki tabaka kwa tabaka, si kwa kuchapa puli yenyewe, kwani plastiki haitahimili joto na mvuto wa mkanda, bali kuchapa kielelezo chake, tukibonyeze kwenye mchanga, tukitoe, kisha tumimine kwenye nafasi iliyobaki alumini iliyoyeyushwa kutoka pistoni chakavu. Kielelezo lazima kizidi kidogo kipimo halisi, maana alumini husinyaa inapopoa. Beringi nitaendelea kuagiza.

Hofu yangu ni umeme, kwa kuwa ukikatika katikati ya kazi ya saa kumi, kielelezo chote huweza kuharibika. Je, kuna aliyeendesha mashine hiyo kwa betri na sola? Au fedha hizo nizitumie kwanza kujaza stoo beringi na mikanda?