Nyie mnaokata picha adimu za waandishi na kuzibandika majina yenu, tumewachoka

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na wala sijitetei kwa hilo.

Juzi imerushwa tena ile picha ya mwandishi wetu (jina naliacha, sitaki uzi uhamie kwenye ugomvi wa nani bora kuliko nani) akiwa amekaa mezani na wenzake. Mnaoikumbuka mnajua ilikuwa na watu watano, na ukingoni chini ulikuwepo muhuri wa studio. Sasa kabaki yeye peke yake. Wanne wamekatwa, muhuri umekwenda na ukingo, na katikati ya kifua cha mzee wa watu limebandikwa jina la jamaa aliyeirusha, herufi kubwa, utadhani yeye ndiye aliyebonyeza kamera. Halafu juu kaandika: "Picha adimu sana, haijawahi kuonekana." Haijawahi kuonekana na nani? Ilikuwa inaonekana vizuri tu mpaka wewe ulipoishika!

Na hao wanne si mapambo. Yule mama wa kushoto ndiye aliyekuwa akimpigia chapa miswada yake, na picha nyingine ya huyo mama mimi sijawahi kuiona popote. Mtu amefanya kazi ya miaka kwenye vitabu tunavyojidai kuvipenda, kapata picha moja, na hiyo nayo shabiki kaja na mkasi. Ukitaka sura tupu ya kuweka kwenye simu yako, kata kopi yako, hakuna anayekuzuia. Unayoisambaza kwa wengine iache nzima.

Halafu kuna hawa wa kung'arisha. Tangu wagundue programu za akili mnemba hakuna picha inayosalimika. Sikilizeni, picha iliyotoka gazetini ni vitone vya wino. Ukiikuza unaona vitone, ngozi huioni. Programu haijui sikio la mzee lilikuwaje, inabahatisha kutokana na masikio ya watu wengine chungu nzima iliyofundishwa nayo. Matokeo yake tumeletewa mzee mwenye ngozi ya mtoto mchanga, mwanya wa meno ya mbele umezibwa, kovu la kwenye nyusi limeyeyuka, na miwani ina mkono upande mmoja tu. Shati limepakwa bluu. Nani kakwambia lilikuwa la bluu? Chini watu wanaandika "mashallah, kama yuko hai". Huyo si yeye jamani. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Rimbaud, yule mshairi wa Ufaransa, alijipiga picha mwenyewe akiwa Harar, Ethiopia, mwaka 1883, akawaandikia nyumbani kwamba zimegeuka nyeupe kwa sababu ya maji mabaya aliyokuwa akizisafishia. Ule weupe wenyewe unakueleza alikuwa wapi na alikuwa anahangaika na nini. Mwingine hapa angeufuta kwa kubonyeza mara moja na kusubiri pongezi.

Nyingine imegeuzwa kulia kuwa kushoto, nadhani ili uso uelekee kwenye maandishi ya bango. Basi ikazuka hoja kwamba mzee alikuwa mtu wa mashoto, wengine wakaanza kutuchambulia na tabia za watu wa mashoto. Tazameni kalenda iliyo ukutani nyuma yake: tarakimu zinasomeka kinyume! Na msiniletee kwamba picha za zamani ndivyo zilivyo. Dagereotipu ndizo zilizokuwa kwa kawaida zikitoka zimegeuka, zile za bamba la shaba lililopakwa fedha, kama ile ya mshairi wa Marekani, Emily Dickinson, ya mwaka 1847 hivi. Mzee wetu hakuzaliwa karne hiyo.

Tarehe nazo zinatungwa tu. "Akiwa kijana, kabla hajajulikana", huku mezani mbele yake kimelala kitabu chake cha tatu, jalada linasomeka kabisa. Tuendelee.

Lililonikalia rohoni hasa ni la albamu. Kuna jamaa, shabiki mwenzetu, alikwenda kwa familia akapokewa kwa heshima zote na kufunguliwa albamu. Ni ya zile za kurasa nyeusi, picha zimebandikwa kwa gundi, na chini ya kila moja marehemu mke wa mwandishi aliandika kwa penseli nyeupe: huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa shughuli gani. Badala ya kupiga picha ukurasa mzima, jamaa kazibandua. Kaondoka na picha, maandishi kayaacha. Nimeoneshwa kurasa zile. Mistatili ya karatasi iliyochubuka, imepangana, na chini yake mwandiko mzuri kabisa unaoeleza watu ambao hawapo. Huku nje picha hizo hizo zinazunguka bila hata neno, na watu wanaulizana "huyu wa kulia ni nani?" Jibu lipo, limebaki kabatini kwa watu! Moja imeng'oka ngozi yote ya nyuma. Kama kulikuwa na kitu kimeandikwa huko, kimekwenda na gundi.

Akiulizwa anasema "nimeziokoa". Umeziokoa na nani? Zilikuwa nyumbani kwao, zina maelezo, zina mpangilio, zimekaa salama miaka yote hiyo. Sasa familia haitaki kumwona shabiki mlangoni, na siwalaumu hata kidogo. Wanaoumia ni wale ambao wangekwenda kwa adabu na kamera yao, wakafunua ukurasa, wakapiga, wakaaga.

Najua wapo watakaokuja kusema "mkuu, ni picha tu, kuna sura inatosha". Haitoshi. Sura peke yake ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote, maana watu wanafanana na mapenzi yanapofusha. Mwaka 2010 wauza vitabu wawili wa Ufaransa walitangaza picha ya watu saba wamekaa kwenye kibaraza cha hoteli mjini Aden, Yemen, wakisema mmojawapo ni Rimbaud mtu mzima. Waliipata kwenye vitu vya mtumba. Kilichowafungua macho ni maandishi ya nyuma: Hôtel de l'Univers, jina la hoteli aliyokuwa akifikia Rimbaud. Anayeyajua maisha ya Rimbaud huko Aden, jina hilo linamshtua. Kuanzia hapo ikawa kuwafuatilia na wale wengine waliokaa naye. Na pamoja na yote hayo wapo wataalamu waliokataa katakata kwamba yule mwenye masharubu ni yeye. Safi kabisa! Wanabishana kwa sababu wana kitu cha kubishania. Ingeangukia mikononi mwa huyu wetu, angekata sita, angempaka rangi wa saba, na nyuma asingegeuza hata kutazama.

Ile inayodhaniwa kuwa ya Lautréamont, mshairi mwingine wa Kifaransa, iliyojulikana mwaka 1977, uzito wake wote uko kwenye albamu ilimokutwa: ya familia ya Dazet wa mji wa Tarbes, Ufaransa, watu waliokuwa karibu naye tangu shule. Ichomoe mle uizungushe peke yake, unabaki na kijana yeyote wa karne ya 19. Na mwaka 2012 Chuo cha Amherst cha Marekani kilipotoa habari za dagereotipu inayoonesha wanawake wawili, wakieleza kwamba mmoja huenda ni Dickinson wa ukubwani, hawakuandika "picha adimu, hatimaye!" Waliacha "huenda" ikae pale pale, pamoja na sababu zao. Hilo neno dogo sisi limetushinda.

Kuhusu kuuza sitarefusha. Mtu anachukua faili ambalo maktaba imeliweka bure kwa kila mtu, anabandika jina lake, anauza machapisho. Ndugu yangu, kuwa na karatasi si kuwa na haki ya picha. Kwa kawaida haki ni ya aliyepiga, na nchi za Ulaya zinailinda mpaka miaka 70 baada ya kifo chake. Ndiyo maana muhuri wa studio una maana: bila jina la mpiga picha hujui haki ni ya nani wala itakwisha lini. Ukiufuta, hata anayetaka kuomba ruhusa kihalali hana pa kugonga.

Kwa wanaotaka kusikia: piga au skani mbele NA nyuma, hata kama nyuma unaona patupu, maana penseli iliyofifia huonekana ukiinamisha taa pembeni. Acha kingo zote. Nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo za karatasi, na faili la kwanza usiliguse, chezea kopi. Andika umeipata wapi na kwa nani, na kama mwenyewe hataki atajwe, andika hivyo hivyo. Tarehe usiyoijua, acha wazi. Iliyobandikwa albamuni usiibandue, piga ukurasa mzima, kisha usogee karibu.

Na wewe wa ile ya mezani, unajijua na utasoma hapa. Kopi nzima ninayo, lakini ni ndogo mno, mwandiko wa chini ya muhuri hausomeki. Ulipoirusha mara ya kwanza ulijitapa kwamba unayo kubwa. Ilete ilivyo, bila jina lako kifuani kwake. Kama umeikata na kuifuta ya awali, sema tu umeifuta, tuache kukusubiri tukaitafute kwingine.