Naomba ushauri: deraya ya uchawi imenivurugia kampeni ya D&D

Wakuu habari zenu, mimi ndo naendesha gemu ya Dungeons & Dragons toleo la 5, ile gemu ya mezani ya kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, wachezaji wanne, wako leveli ya 5. Sasa wiki tatu zilizopita nikampa shujaa wetu wa upanga deraya nzima ya chuma yenye +2, nilimuonea huruma maana alikuwa anakufakufa kila mara. Deraya 18, ongeza uchawi 2, ongeza ngao 2, jamaa ana 22, yaani adui lazima afikishe 22 ndo ampige! Goblini, kijizimwi kidogo, anaongeza 4 kwenye dadu akipiga, kwahiyo lazima dadu ya pande 20 itoe 18 kwenda juu ndo amguse. Juzi zimerushwa dadu kumi na moja hajaguswa hata mara moja, halafu nikileta zimwi la kumuweza yeye, mchawi wetu mwenye deraya 12 anaanguka raundi ya kwanza, dada wa watu anayemcheza amekaa anaangalia simu mpaka mwisho, imeniuma kwakweli.

Kumnyang'anya sitaki, ameipenda sana. Nimewaza nitumie zaidi moto na sumu za kukwepa kwa sevu (dadu anayorusha anayeshambuliwa ili ajiokoe), maana hizo haziangalii deraya, au niishushe iwe +1 tukielewana. Nyie mngefanyaje?