Kikundi cha Familia: Meno Hayaharishi

Nimeyanakili kutoka kikundi cha familia yetu, kwa ruhusa yao. Majina ni yale yaliyomo kwenye simu yangu. Wifi ni mke wa Kaka, wanaishi kijijini na Mama. Shangazi ni muuguzi mstaafu; akisema "Wifi yangu" anamwambia Mama, akisema "Wifi mtu" anamwambia mke wa Kaka.

Jumanne, usiku

Wifi: Shikamooni wakubwa. Mtoto bado anaharisha, leo siku ya pili. Tangu asubuhi mara sita, maji matupu. Na jioni katapika.

Mama: Marahaba. Nimeshasema hayo ni meno. Mwangalie ufizi wa juu ulivyovimba. Hata baba yake aliharisha hivihivi.

Mdogo Wangu: Mama, si mko nyumba moja? Mnaandikiana?

Mama: Nimeshapanda kitandani.

Mjomba: Mpeni nusu ya kile kidonge cha kufunga tumbo. Mimi nikimeza kimoja, kutwa nzima sirudi chooni.

Shangazi: Hapana hapana. Kidonge hicho asipewe hata robo. Kwa mtoto mdogo kinaweza kusimamisha matumbo na kumlewesha. Na wewe mjomba mtu, uache kugawa dawa kama karanga.

Mjomba: 🙏 Nimeacha.

Shangazi: Wifi mtu, nijibu upesi. Ananyonya? Amekojoa lini? Akilia machozi yanatoka? Macho yamezama? Umeona damu kwenye choo chake?

Wifi: Ananyonya vizuri. Amekojoa magharibi. Machozi yapo. Macho naona ya kawaida. Damu hakuna.

Shangazi: Mfinye ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, pembeni mwa kitovu, kisha uiachie.

Wifi: Imerudi palepale. Kanikasirikia.

Shangazi: Akikasirika ndiyo vizuri. Anayenitisha mimi ni yule anayefinywa akanyamaza. ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ipo ndani?

Kaka: Ipo, nilipewa kituo cha afya jana, na vidonge vya zinki. Lakini hiyo ORS haitaki, anaitema.

Shangazi: Ulichanganya vipi?

Kaka: Pakiti moja kwenye chupa ya nusu lita. Nilitaka ikolee, ifanye kazi haraka.

Shangazi: Soma nyuma ya pakiti wameandika nini.

Kaka: ...Lita 1.

Shangazi: Basi ulikuwa unamnywesha bahari! Chumvi ikizidi hairudishi maji, inazidi kuyavuta. Mwaga yote. Pakiti nzima, maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, chupa safi. Asipoyamaliza, baada ya saa 24 unamwaga unachanganya mengine.

Kaka: Sawa shangazi. Naenda.

Shangazi: Miezi 11 huyo: kila akiharisha apate kati ya mililita 50 na 100. Kwa kijiko, taratibu, usimmiminie kinywani. Akitapika subiri dakika 10 uanze tena, kijiko kimoja kimoja. Na titi asinyimwe.

Mimi: Na zile pakiti zikiisha usiku?

Shangazi: Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na NUSU kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vya kusawazisha kwa kisu, visiwe na kilima. Ila hiyo ni ya kusukuma usiku mpaka kuche, pakiti ndiyo yenyewe.

Mdogo Wangu: Sukari si ndiyo inaharisha?

Shangazi: Ikizidi, ndiyo. Ikiwa kwa kipimo, ndiyo inayoishika chumvi mkono na kuipitisha kwenye ukuta wa utumbo, na maji yanafuata nyuma. Chumvi peke yake inagonga mlango haifunguliwi. Mwaka 1971 wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walikuwa wanakufa kwa kipindupindu kambini Bangaon, India. Dripu zikawaishia. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari vichanganywe kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakanywesha wenyewe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Ndugu tu, na vikombe.

Mjomba: Duh.

Mama: Sisi tulilea kumi bila pakiti. Kuharisha kwa meno hakujaua mtu.

Shangazi: Wifi yangu, meno yanauma ufizi na kuleta udenda. Hayaharishi. Kinachotokea ni kwamba wakati huo mtoto anatambaa na kila kitu anatia mdomoni. Na kuua, kunaua: Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watoto 440,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka. Nimewafunika wengine kwa mikono yangu.

Mama: Haya. Nimesoma.

Shangazi: Wifi mtu, simu usizime. Akikataa kunywa, akilegea, macho yakizama, akitapika kila kitu au ukiona damu, hamsubiri kuche. Kaka mtu atafute usafiri usiku huohuo.

Jumatano, alfajiri

Wifi: Amekunywa usiku kucha, vijiko vijiko. Hii ya sasa hatemi. Mara mbili tu tangu saa 6, na kakojoa hadi kanilowesha.

Shangazi: Alhamdulillahi. Mkojo huo ni dhahabu. Zinki anapewa?

Wifi: Kidonge kimoja, nakiyeyusha kwenye maziwa niliyokamua. Nilidhani kuharisha kukikoma naacha.

Shangazi: Usiache. Miligramu 20 kila siku, siku 10 hadi 14, hata akiwa anakimbiza kuku. Inatengeneza utumbo ulioumia, na inasaidia asirudie kuugua miezi inayofuata. Kadi ya chanjo ina rota, ile ya kuzuia kuharisha?

Wifi: Alipata zote.

Shangazi: Vizuri. Ingawa rota ni mdudu mmoja, na huko uani kwenu naona wapo wengi.

Jumatano, jioni

Mimi: Samahani kuuliza, hii si mara ya tatu tangu aanze kutambaa?

Kaka: Ya tatu. Mimi nalaumu kisima. Maana choo tunacho, cha tofali, kina mfuniko, kipo zaidi ya mita 30 kutoka kisimani. Hakuna mtu wa nyumba hii anayekwenda porini.

Shangazi: Choo chako nakijua, mlinionyesha kabla hata hamjanipa kiti. Nipigie picha tatu: maji ya kunywa yanapokaa, poti ya mtoto, na pale anapotambaa. Usipange kitu kwanza.

Kaka: 📷 📷 📷

Shangazi: Picha ya kwanza. Kata mbona iko chini?

Kaka: Watoto hao. Wanachota, wanaangusha.

Shangazi: Halafu anayefuata anaiokota anaizamisha mtungini na vidole vyake vitano. Maji yamechemshwa kwa kuni za watu, yanachafuliwa na mkono mmoja! Tafuteni chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, maji yamiminwe. Mkikosa, kata iwe na mpini mrefu, itundikwe, na watoto wachotewe.

Shangazi: Picha ya pili. Poti imeoshwa, imefunikwa chini juu ukutani. Nzuri. Kilichokuwa ndani kimekwenda wapi?

*(Dakika tano hakuna aliyejibu. Nikaona "Mama anaandika", ikapotea. Ikaja tena, ikapotea.)*

Mdogo Wangu: Mtandao umekata au?

Mama: Namwaga mimi. Nyuma ya jiko, kwenye majani. Cha mtoto kina uchafu gani? Maziwa tu hayo.

Shangazi: Wifi yangu, hata mimi wangu wa kwanza nilimwaga hukohuko, mpaka nilipokwenda chuo. Lakini cha mtoto ndicho kibaya zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeugua mara kwa mara. Kwa macho ni kidogo na hakinuki sana, ndiyo kinatudanganya.

Mjomba: Sasa nani ale majani ya nyuma ya jiko?

Shangazi: Kaka mtu, nenda nyuma ya jiko sasa hivi uniambie unaona nini.

Kaka: Kuku. Wanaparua palepale. Mmoja kaingia barazani mbele yangu, na miguu yake.

Wifi: Picha ya tatu ndiyo hiyo baraza. Juzi nilimtoa unyoya mdomoni.

Kaka: Kwa hiyo choo chote kile nilichojenga...

Shangazi: Choo ni kizuri, ila kinatumiwa na wakubwa tu. Mtoto wako bado anakwenda porini, anapelekwa na poti. Ikimwagwa chooni, na maji ya kusuuzia poti na nepi yakamwagwa chooni, umefunga mlango huo. Na mtafute mkeka wa kumtambazia, kuku wasiukanyage.

Mama: Mtu angeniambia.

Wifi: Mama nisamehe. Nilikuwa naona, nikaogopa kusema.

Mama: Uniogope nina pembe?

Mdogo Wangu: 😂😂

Mama: Nepi ya asubuhi nimekwishamwaga chooni maji yake. Sasa mikono nafanyaje, ndoo iko ndani na sabuni iko bafuni. Nikitoka chooni nasuuza tu.

Shangazi: Kusuuza kunaondoa vumbi, mafuta ya kinyesi yanabaki. Sabuni peke yake, ukiitumia kweli, inapunguza kuharisha kwa karibu theluthi. Ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, kabla hujashika chakula, kabla hujamlisha. Watu hawanawi si kwa ukaidi, ni kwa sababu sabuni iko mbali na mlango wa choo. Mdogo mtu, si unakuja Jumamosi? Watengenezee kibuyu chirizi.

Mdogo Wangu: Dumu la lita 5 ninalo. Mengine kamba na vijiti.

Jumamosi

Mdogo Wangu: 📷 Tazameni kazi! Nguzo mbili, dumu linaning'inia, tundu la msumari wa moto ubavuni. Unakanyaga kijiti chini, kamba inainamisha dumu, maji yanatoka bila kugusa kitu. Hatua nne kutoka chooni. Sabuni nimeitoboa nimeitundika pembeni.

Shangazi: 👏👏 Hapo chini weka kokoto, pasifanye tope.

Kaka: Watoto wameshanawa mara kumi kila mmoja. Dumu limekwisha.

Mjomba: Kesho watakuwa wamelichoka.

Wifi: Mtoto ameharisha mara moja tu leo, na choo kinaanza kushika. Anakula kila saa, kama anadai deni.

Shangazi: Mwongeze mlo mmoja kwa siku, wiki 2 hivi. Anadai kweli.

Jumatatu, asubuhi

Mama: Poti nimemwaga chooni. Nimefika kwenye dumu, sabuni hakuna.

Kaka: Watoto hao.

Mama: Watoto gani, ni kunguru. Nimemwona kwa macho yangu, kakaa juu ya paa la choo na sabuni mdomoni, ananitazama.

Mdogo Wangu: 😂😂😂

Shangazi: Huyo kunguru si wa kwanza. Anapenda mafuta yaliyomo.

Mimi: Kwa hiyo Mama umenawa na nini?

Mama: Majivu ya jikoni, kwa leo. Kipande kingine nimekitia kwenye soksi kuukuu ya mjomba wenu aliyoisahau hapa, nimeifunga fundo, nimetundika. Unasugulia juu ya soksi povu linatoka. Kunguru kaja, kadonoa, kaondoka.

Mjomba: Soksi yangu ya kijivu?

Mama: Ilikuwa ya kijivu. Sasa nyeupe.