Nichague saizi ipi ya pateni ikiwa kifua ni inchi 40 lakini mabega ni membamba?

Mshonaji wa Mwanga (Kigoma)

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu nyote mnaoshughulika na cherehani. Dada yangu anayeishi Marekani anakuja likizo, na amekubali kuniletea pateni, yaani karatasi yenye michoro ya vipande vya nguo vya kukatia, ya kampuni ya Simplicity. Ni pateni ya gauni lenye kifua kinachokaa mwilini, dati (mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate umbo) za ubavuni, mshono wa kiunoni, zipu mgongoni, na sketi iliyonyooka yenye mpasuo. Nimekusudia kulishona kwa kitenge cha waksi, kile kigumu kisichovutika, ambacho nimeshakinunua hapa Mwanga. Tatizo ni kwamba pateni hiyo inauzwa katika bahasha mbili, moja ikiwa na saizi 6 hadi 14 na nyingine saizi 14 hadi 22, na dada anataka nimwambie achukue ipi.

Nguo zangu za mtumba zenye lebo za Marekani ni namba 12, kwa hiyo jibu la haraka lingekuwa bahasha ya kwanza. Hata hivyo nilipojipima kwa tepu, kifua kilikuwa inchi 40, kiuno inchi 33 na nyonga inchi 44, na jedwali la kampuni linaonyesha kuwa kifua cha inchi 40 ni saizi 18. Ninasita kuifuata hiyo 18 kwa sababu mabega yangu ni membamba, na magauni ninayoshonewa kwa kufuata kifua hushuka mabegani na kuachama shingoni. Fundi wa mtaani kwetu, ambaye hukata moja kwa moja juu ya kitambaa bila karatasi yoyote, anasema nichukue saizi kubwa kabisa kwa kuwa kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Ninaomba anayefahamu anieleze ni kipimo kipi hasa kinachochagua saizi.

Mama Kanyenye (Tabora)

Marahaba mwanangu. Kwanza weka kando lebo za mtumba, kwa sababu namba 12 ya gauni la dukani na namba 12 ya bahasha ya pateni hazina undugu. Katika jedwali la Simplicity, na vilevile la McCall's na Butterick, saizi 12 ni ya kifua cha inchi 34, kiuno inchi 26 na nusu, na nyonga inchi 36, yaani mwili mdogo kuliko wako kwa mbali. Mwaka 1958 serikali ya Marekani ilitoa kiwango cha vipimo vya nguo za wanawake, lakini viwanda havikulazimishwa kukifuata, na mwaka 1983 kiwango hicho kikaondolewa. Wauzaji wa nguo za dukani wamekuwa wakiongeza upana wa nguo huku wakibakiza namba ndogo ili mnunuzi afurahi, ilhali kampuni za pateni zimebaki karibu na majedwali yao ya zamani. Anayenunua pateni kwa kufuata lebo ya nguo yake hupata karatasi isiyomtosha.

Hata hivyo, hiyo saizi 18 nayo siikubali moja kwa moja. Kifua cha inchi 40 kinaweza kuwa cha mtu mwenye mgongo mpana na matiti madogo, na kinaweza kuwa cha mtu mwenye mgongo mwembamba na matiti makubwa, na tepu inayozungushwa penye matiti haiwezi kuwatofautisha. Pateni za kampuni hizi kwa kawaida huchorwa kwa mwanamke ambaye kifua chake kizima, kinachopimwa penye matiti, kinazidi kifua cha juu, kinachopimwa makwapani juu ya matiti, kwa takriban inchi 2. Tofauti yako ikizidi hapo, kisha ukafuata kifua kizima, unakuwa umechagua shingo, mabega na mgongo wa mtu mpana kuliko wewe, na ndiko kuachama unakokulalamikia. Huyo fundi wenu anasema kweli kuhusu ubavu na kiuno, ambako hata mwanafunzi anaweza kupunguza. Kuhusu shingo na mabega simuungi mkono hata kidogo. Shingo ikishakatwa pana haina mshono wa kuirudisha, na ukipunguza bega unavuruga shimo la mkono, kisha mkono wenyewe unakataa kukaa.

Kwa hiyo mtafute mtu akupime kifua cha juu, usijipime mwenyewe. Tepu ipite chini kabisa ya makwapa na juu ya matiti, ivuke mgongo bila kulegea, na mikono yako iwe imeshuka. Vaa sidiria ile ile utakayoivalia gauni, maana sidiria nyingine inaweza kubadilisha kipimo. Ukishapata namba hiyo, ulete hapa.

Mshonaji wa Mwanga (Kigoma)

Ahsante sana, Mama. Nimepimwa na shemeji yangu, na kifua cha juu ni inchi 36 kamili. Nikikisoma katika jedwali mahali pa kifua, ninaangukia saizi 14, ambayo imo katika bahasha zote mbili. Sasa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi, kwa sababu nyonga zangu za inchi 44 ziko kwenye saizi 20. Je, mtu mmoja anaweza kuwa saizi 14 juu na 20 chini katika gauni moja?

Fundi wa Ujiji (Kigoma)

Anaweza, na wengi tunaowashonea ndivyo walivyo. Jibu la bahasha limeshapatikana hapo: dada achukue ya 14 hadi 22, kwa kuwa ina saizi ya mabega yako na saizi ya nyonga zako katika karatasi moja, ambapo mistari ya saizi zote imechorwa pamoja na unaweza kuhama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine.

Mama wa Kanyenye amesema kweli kuhusu kifua cha juu, ila naomba kwa heshima nitofautiane na hiyo 14. Ni kweli kwamba maelekezo ya kampuni husema kifua cha juu kisomwe mahali pa kifua endapo tofauti ni inchi 2 au zaidi. Lakini ikiwa pateni imechorwa kwa mtu ambaye kifua chake kizima kinazidi cha juu kwa inchi 2, basi mwenye kifua cha juu cha inchi 36 ndiye mwenye kifua kizima cha inchi 38, na huyo ni saizi 16. Ukianzia 14 utalazimika kuongeza inchi 4 kifuani, na kadiri unavyoongeza nyingi ndivyo dati inavyokuwa kubwa na kutoa ncha mbaya, hasa kwenye kitenge kigumu ambacho hakisamehe. Ukianzia 16 unaongeza inchi 2 tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita, nalo ni vipimo vya nguo iliyokamilika, ambavyo aghalabu huchapishwa nyuma ya bahasha au kwenye karatasi yenyewe karibu na alama ya kifua. Vipimo vya jedwali ni vya mwili, na vile ni vya nguo. Tofauti iliyopo kati yake ndiyo nafasi anayoachiwa mvaaji ili apumue, aketi na anyooshe mkono. Kwa gauni la kukaa mwilini lililoshonwa kwa kitambaa kisichovutika, mimi huachia inchi 2 hadi 3 kifuani na inchi 1 kiunoni. Gauni pana linaweza kuachiwa inchi 6 au 8 kwa ajili ya mtindo wake, na hapo mtu aweza kushuka saizi nzima bila kubanwa. Kama bahasha haikuonyesha vipimo hivyo, pima karatasi yenyewe kutoka mstari wa mshono hadi mstari wa mshono, bila kuhesabu dati wala ile nafasi ya mshono (ukingo wa ziada nje ya mstari wa mshono), ambayo katika pateni za Simplicity kwa kawaida ni sentimita 1.5 na imeshajumuishwa.

Mama Kanyenye (Tabora)

Fundi wa Ujiji, hoja yako nimeipokea kwa sehemu. Kwa binti mwenye mabega ya kawaida ningeanza na 16 bila ubishi. Huyu amesema mabega yake ni membamba, na mabega hayafuati kifua cha juu kila mara. Afanye hivi: apimwe urefu wa bega, kuanzia shina la shingo hadi mfupa wa mwisho wa bega, kisha alinganishe na mstari wa bega wa saizi 14 na wa 16 kwenye karatasi, akiondoa nafasi za mshono. Saizi inayokaribiana naye ndiyo ya shingo, bega na shimo la mkono. Kama tofauti ni ndogo kiasi cha robo inchi, achukue 16 na kuingiza ncha ya bega ndani kidogo, kazi ambayo ni nyepesi kuliko kupanua kifua kwa inchi 4.

Tuchukulie kwamba ni 16, maana nadhani ndiko ataishia. Mwili wako una inchi 40 na pateni imekusudiwa inchi 38, kwa hiyo upungufu ni inchi 2, na kwa kuwa kipande cha mbele huchorwa nusu, kila upande unaongezwa inchi 1. Nakili kipande hicho kwenye karatasi ya kaki, usikate ile ya asili. Weka alama penye ncha ya titi lako, si penye ncha ya dati, kwa kuwa dati huishia kabla ya kufika hapo. Chora mstari kutoka kiunoni, sambamba na katikati ya mbele, ukipanda hadi kwenye alama hiyo, kisha uupinde kuelekea shimo la mkono, kwenye theluthi yake ya chini. Mstari wa pili upite katikati ya dati ya ubavuni hadi kwenye alama. Kata yote miwili, lakini bakiza kijisehemu kidogo kisichokatwa penye shimo la mkono ili karatasi izunguke hapo. Tanua hadi uwazi wa wima uwe inchi 1 penye alama ya titi na uendelee na upana huo huo hadi kiunoni. Utaona dati imepanuka yenyewe, na kipande cha katikati kimebaki kifupi chini. Kikate na kukishusha kilingane na kile cha ubavuni, kwa sababu titi linahitaji urefu pamoja na upana. Bandika karatasi kwenye nyufa zote, kisha chora dati upya.

Shimo la mkono, bega na shingo havijaguswa hata kidogo, na ndiyo faida yote ya kazi hii.

Kiunoni utakuwa umepata inchi 2 bila kuziomba, kwa hiyo kile kiuno cha saizi 16, ambacho katika jedwali ni inchi 30, kimekuwa cha inchi 32. Wewe una 33. Inchi moja iliyobaki igawe kwenye kingo nne za ubavuni, mbele na nyuma, robo inchi kila ukingo, ukianza sifuri chini ya kwapa na kupanuka polepole. Sketi uikate saizi 20 penye nyonga. Kiuno chake katika jedwali ni inchi 34, hivyo zidisha dati za sketi kwa jumla ya inchi 1 ili ilingane na kifua utakachokiunga nayo, na kama kifua kina dati za kiunoni, uhakikishe zinakutana na za sketi.

Cherehani ya Kasulu (Kigoma)

Naomba kuongeza swali kwa kuwa linahusiana. Mimi hutumia magazeti ya Burda, na gauni nililokata saizi ya jedwali lilinibana pande zote ingawa vipimo vililingana. Je, nako nishuke au nipande saizi?

Fundi wa Ujiji (Kigoma)

Usipande. Pateni za ndani ya gazeti la Burda hazina nafasi ya mshono; ukikata penye mstari, kila mshono unakula mwili wa nguo. Ongeza sentimita 1.5 kuzunguka kipande chote kabla ya kukata. Namba zake pia ni za Ulaya, ambako saizi 38 ni ya kifua cha sentimita 88, si inchi 38.

Mshonaji wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru sana, Mama na Fundi. Nimeshamwandikia dada achukue bahasha ya 14 hadi 22. Imebaki moja: je, nikate moja kwa moja kwenye kitenge, na zile yadi 6 nilizo nazo zitanitosha?

Mama Kanyenye (Tabora)

Usithubutu kuanza na kitenge. Nunua marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ushone kifua peke yake bila mikono wala bitana, kwa mishono mirefu inayofumuka kwa urahisi. Kivae, kaa kwenye kiti, nyanyua mikono kama unayeanika nguo. Mikunjo inayotoka kwenye titi kwenda kwapani inaonyesha kuwa kifua bado kinahitaji nafasi. Mikunjo iliyolala mgongoni juu ya kiuno inaonyesha kuwa mgongo wa pateni ni mrefu kuliko wako, na huo unafupishwa kwa kukunja karatasi kwa ulalo, wala hauhusu saizi.

Fundi wa Ujiji (Kigoma)

Kuhusu kitenge, kiloweke na kukianika kabla ya kukata, kwa sababu gundi ya kiwandani ikitoka kitambaa kinalegea na pamba inaweza kuruka kidogo. Nyuma ya bahasha soma safu ya kitambaa cha upana wa inchi 45, kwa kuwa vitenge vingi havipiti hapo sana, na usome mahitaji ya saizi 20, si 16, kwa sababu sketi ndiyo inayokula kitambaa. Kwa gauni la aina hiyo yadi 6 zitabaki, isipokuwa kama kitenge chako kina maua makubwa unayotaka yakutane katikati ya mgongo penye zipu. Hapo panga vipande vyote sakafuni kwanza, ndipo ushike mkasi.